Jam ya Mtwapa mpaka mjini: nani hasa mwenyewe?

SWALI: Assalaam aleikum. Naishi Mtwapa, kazi yangu iko Mwembe Tayari, Mombasa mjini. Kila asubuhi twakwama Bamburi, tukisongea mbele afande ashazipuuza taa apitisha magari kwa mkono, upande wetu umelala tu. Nimelalamika ofisi moja naambiwa barabara si yao, nimeenda ya pili naambiwa hilo la polisi. Sasa nimshike nani?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Wa aleikum salaam. Yakhe, wote hao hawajakudanganya, na tabu yenyewe ndo hiyo. Barabara ya Malindi ni ya KeNHA (mamlaka ya barabara kuu), nyengine za mjini ni za KURA (mamlaka ya barabara za mijini) au kaunti, parking ni ya kaunti, matatu leseni zake NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na afande wa trafiki bosi wake yuko serikali kuu si kwa gavana. Halafu ukivuka tu daraja la Mtwapa ushatoka Kilifi, gavana mwengine bajeti nyengine. Sasa trela likizima juu ya Nyali Bridge saa moja asubuhi, nani aamue magari yapite wapi na gari la kuvuta lilipwe na nani?

Nairobi walitengenezewa NAMATA, mamlaka ya usafiri wa jiji na kaunti jirani, mwaka 2017, yashika Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Jam wanayo bado, kwa hivyo mimi siombi chombo kipya cha viti na magari ya serikali. Katiba kifungu cha 189 chaziruhusu serikali ziunde kamati za pamoja, basi Mombasa, Kilifi na Kwale (Likoni nako ni balaa, na feri iko chini ya KPA, mamlaka ya bandari) wakae na KeNHA, KURA na wakubwa wa trafiki waandike karatasi moja tu: taa nani azizima, wa kuvuta aitwa na nani, bili yaenda wapi. Hapo kwa bili ndo watakapogombana, lakini bora wagombane ofisini kuliko sisi tukiwa barabarani.

Wewe anza hivi. Andika barua kwa kutumia sheria ya kupata habari ya 2016, uliza makutano yako yasimamiwa na nani na saa za taa zapangwa na nani. Wana siku 21 kukujibu. Weka kopi yenye muhuri wa mapokezi. Majibu yakigongana, yaambatanishe na ombi lako upeleke bunge la kaunti la Kilifi na la Mombasa, maneno yale yale, siku moja.