Muulize Shangazi: Bustani ya ziwani au nyumba ya shamba?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi na mchumba wangu tumekubaliana harusi yetu iwe ndogo, watu 40 tu, ndugu wa karibu na marafiki wanaotujua kweli, na iwe nje ya mji. Tumebakiwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni bustani kando ya ziwa, pazuri mno, na nyuma yake kuna ukumbi wa watu 250 ambao tungehamia mvua ikinyesha. Wenyewe wameahidi pia kututolea hema bila malipo. Ya pili ni nyumba ya zamani ya shamba yenye baraza pana, mti mkubwa uani na ghala lililokarabatiwa. Moyo wangu uko kwenye nyumba ya shamba, lakini mama mkwe anaona pamechoka. Bibi yangu naye hutumia kiti cha magurudumu. Ungekuwa wewe ungechagua wapi? – Bi harusi mtarajiwa

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Mimi ningechagua nyumba ya shamba, ila kuna mambo ya kuhakikisha kabla hujatoa fedha.

Mahali popote pa harusi ya nje mimi hupaangalia kwanza kwa siku ya mvua. Mbingu zikifunguka saa moja kabla, mtakimbilia wapi? Huko mtakakokimbilia huenda ndiko mtakakofungia ndoa, kwa hiyo huko ndiko kwa kuchagua kwanza, na bustani ifuate. Sasa chukua mvua hiyo uipeleke kule ziwani. Watu wakikaa kwa meza, kila mmoja huhitaji kama mita za mraba 1.5 pamoja na njia za wahudumu. Nyinyi nyote mnatosha kwenye mita za mraba 60, na mkitaka kucheza muziki ongezeni 20 hivi. Ukumbi wa watu 250 kwa hesabu hiyohiyo unakaribia mita za mraba 400. Mtaonekana kama watu waliowahi kufika wakiwasubiri wenzao. Muziki utapotelea darini, wageni watajibanza pembeni, na hakuna mapambo ya kuijaza sakafu ile. Yale majina mliyoyakata kwenye orodha kwa uchungu ili mbaki watu wa karibu, mtakuwa mmeyakata bure.

Hilo hema la bure nalo lichunguze. Lina kuta za pembeni au ni paa tupu? Mvua ya upepo huingia kwa ubavu, na kandokando ya ziwa upepo haukosekani. Litasimikwa wapi? Ardhi ya ufukweni mara nyingi huwa laini na iko chini, maji yote ya mteremko huishia hapo. Hema hukaa juu kidogo, kamwe si bondeni, na lisimikwe siku moja kabla ili ardhi ya chini yake ibaki kavu.

Sasa twende kwenye ghala lako. Ingia ndani uangalie juu. Kuna dari, au ni mabati peke yake? Nilihudhuria harusi moja ndani ya ghala zuri la mabati, mvua ikashuka wakati wa ahadi. Nilikuwa safu ya pili, nikawa naona midomo ya bwana harusi ikicheza bila kusikia neno hata moja. Mama yake alikuwa mbele yangu ameinamisha kichwa, amekinga sikio kwa kiganja, anajitahidi. Alikuwa amengoja siku ile miaka mingi, na maneno ya mwanawe hakuyapata. Kama hakuna dari, basi spika mbili ndogo na maiki ni vya lazima, na mfungishaji ndoa akubali mapema kusubiri mvua ipungue. Kama dari ipo, umepata mahali.

Hata jua likiwaka, habari ya kusikika ni hiyohiyo. Uwanjani sauti ya mtu hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, na majani ya mti yakitikisika yanameza kinachobaki. Kwa hiyo msipange viti kwa safu ndefu za kunyooka kama darasani. Pangeni nusu duara, safu tatu, mkiwa katikati. Kiti cha mwisho kitakuwa hatua chache tu kutoka mlipo. Nendeni mkajaribu. Mchumba wako asimame penye shina la mti asome chochote kwa sauti yake ya kawaida, wewe ukae pale kitakapokuwa kiti cha mwisho. Mwende saa ileile ya ndoa. Jua husogea nyuzi 15 kwa saa, hivyo kivuli ulichokipenda saa nne asubuhi kitakuwa kimehamia kwingine kabisa saa kumi alasiri, na wazee wenu watakaa wamekunja macho kwa mwanga.

Kuhusu meza, sina budi kukushawishi. Weka meza moja ndefu! Mtu mmoja hutosheka na sentimita 60, hivyo watu 20 kila upande ni meza ya mita 12. Pima ghala, ukipata urefu wa mita 15 wahudumu watapita vizuri kwenye ncha zote mbili. Harusi ya watu 250 haiwezi kufanya hivyo, nyinyi mnaweza. Mjomba anampitishia bakuli mtu ambaye hajawahi kukutana naye, na kufikia mwisho wa chakula pande zote mbili zimeshajuana majina.

Bibi usimwazie tu, nenda naye. Changarawe ni adui wa magurudumu, nyasi zilizolowa pia. Mlango uwe na upana wa angalau sentimita 80, na wa choo usisahaulike, maana huo ndio huwa mwembamba kuliko yote. Ngazi moja ya sentimita 10 inataka ubao wa mteremko wenye urefu wa sentimita 120. Ukiwa mfupi zaidi, anayemsukuma atahangaika na bibi ataogopa.

Na mama mkwe usimtumie picha, kwani picha za mahali patupu zitamthibitishia kwamba pamechoka. Mpeleke alasiri, akae barazani, umwombe ushauri wa wapi wazee wakae na wapi wageni wapokelewe. Ana uzoefu, na ushauri wake utaufanyia kazi kweli. Akiendelea kupakataa, mwache mwanawe azungumze naye, si wewe.

SWALI: Shangazi, baba mdogo ametupa uwanja wake shambani tufanyie harusi ya watu 50, bure. Si tutaokoa fedha nyingi? – Bwana harusi

JIBU: Mshukuru sana, kisha kaa chini upige hesabu, kwa sababu kwenye uwanja mtupu kila kitu huja kwa gari. Vyoo visipungue vitatu, na pa kunawia mikono. Maji ya mpishi. Taa, na si za mezani tu: njia ya kwenda chooni na maegesho pia, wageni wasijikwae gizani. Jenereta ya kVA 10 hutoa takriban kilowati 8, na birika moja kubwa la umeme linaweza kula kilowati 2 au 3, hivyo mpishi na mpiga muziki wakutane mapema wagawane. Iwekwe mbali, upande upepo unakoelekea, wala isiingizwe kamwe hemani, moshi wake huua. Barabara ikaguliwe baada ya mvua, kama lori la viti litaweza kupita.

Ulizia sheria pia. Katika England na Wales ndoa ya kiserikali hufungwa mahali palipoidhinishwa, ilhali Scotland idhini iko kwa mfungishaji, naye anaweza kuwafungishia ndoa hata kilimani. Kwenu kukiwa kama kule kwa kwanza, ndoa itafungwa kwingine, uwanja ubaki wa sherehe.

Ukiona jumla inazidi kodi ya mahali penye huduma zote, mwombe baba mdogo awakaribishe kwake kesho yake, chakula cha mchana cha familia.

SWALI: Tuulize nini kabla ya kulipa kishika nafasi? – Msomaji

JIBU: Je, kuna idadi ya chini ya wageni tutakayolipia hata tusipoifikia? (Harusi ndogo huumizwa hapa.) Je, siku hiyo kuna shughuli nyingine? Wapambaji wataingia saa ngapi, na muziki uzimwe saa ngapi? Tukiahirisha, fedha zinarudi kiasi gani? Yote yaandikwe kwenye mkataba. Halafu muulize jirani mwenye shamba wiki hiyo atakuwa anafanya nini, kama ni kuvuna, kunyunyizia dawa au kumwaga samadi. Akiambiwa mapema kwa heshima, huenda akasogeza kazi yake kwa siku moja.