Muulize Fundi: zilzala na nyumba zetu za mawe

SWALI: Asalam aleikum Fundi. Sisi twakaa Mji wa Kale hapa Mombasa, nyumba ya babu yetu ya mawe na chokaa, ina ghorofa moja juu. Tangu ule mtetemeko wa ardhi wa Agosti 2020 mama hana raha, kila lori likipita ashika tasbihi. Sasa kakangu alioko Gulf ataka kutuma pesa tutoe boriti zote za dari tumwage slebu ya simiti, ati ndo nyumba itashikana. Ni sawa?
Dada wa Mji wa Kale

JIBU: Waaleikum salaam dadangu, mpe mama pole. Pesa kakako atume, slebu asimwage.

Ule wa tarehe 12 Agosti 2020 ulitokea baharini huko Tanzania, upande wa kusini ya Dar, ukubwa kama 6 hivi, sisi huku tulipata mtikisiko tu. Lakini yafaa mjue zilzala hufanya nini. Haibonyezi nyumba chini, huisukuma kwa upande, kushoto kulia kushoto kulia, na kitu kizito ndo husukumwa kwa nguvu zaidi. Ukuta wenu wa matumbawe una nyuso mbili za mawe na katikati ni vifusi na chokaa, kubeba mzigo waweza sana, hio kazi ushaifanya tangu kina babu, lakini kuvutwa kwa upande hauwezi, utapasuka pembeni kwenye kona, kuta zitaachana, na kilicho juu kitashuka. Sasa wewe huko juu umeweka tani za simiti. Mji wa Bam kule Iran Disemba 2003 watu zaidi ya elfu 20 walikufa, wengi kwenye nyumba za udongo zenye paa zito, kuta zikawa vumbi na paa likawalalia.

Boriti za mikoko ni nyepesi kushinda slebu na zina mnepo, ubaya wake ni zile ncha zilizoingia ukutani, huko ndo maji na mchwa huanzia. Kwa hivo pesa ya kakako ianzie hapo: kila ncha ichokolewe, iliooza ibadilishwe, halafu boriti zifungwe na ukuta kwa vyuma vinavyotokeza nje vikawa na sahani, yaani dari na ukuta vitembee pamoja visipigane. Nyufa za kona zishonwe kwa mawe marefu. Na plasta ya simiti mtoe jamani, matumbawe yana chumvi na yanyonya maji, simiti yaziba unyevu ndani chokaa yageuka unga na nyinyi nje mwaona ukuta unang'aa. Rudisheni chokaa. Jambo jengine ambalo naona watu hawalijali kabisa, chini mtu abomoa nusu ya ukuta apate mlango wa duka, huku juu familia nzima yalala! Kama mshafanya hivo niandikieni tena, hio ni hatari kushinda hizo boriti.

Wapo waliokwisha tuhangaikia hili. Pale Lima, Peru, chuo kikuu cha Kikatoliki chafanya majaribio ya nyumba za udongo tangu miaka ya 1970: wajenga nyumba nzima juu ya meza kubwa inayotikiswa na mashine, waitikisa mpaka ianguke, kisha wajenga nyengine waifunge kwa neti ya plastiki au kamba za nailoni nje na ndani, waipige plasta, waitikise vile vile. Ya pili hupasuka pia, tusidanganyane, lakini vipande hubaki vimeshikwa mahali pake kama mzigo wa kuni uliofungwa, na watu wapata nafasi ya kutoka. Halafu michoro wakaitoa bure, fundi yeyote aweza kuisoma. Matumbawe si udongo, kwa hivo msinunue kamba kesho mkaanza kuzungusha, tafuteni injinia aliyewahi kushika nyumba za mawe, na muanzie ofisi ya hifadhi ya Mji wa Kale manake bila ruhusa hamgusi kitu.

SWALI: Fundi, mzee wangu yuko Kaloleni kwa nyumba ya fito na udongo, nataka kumjengea ya bloki kwa usalama. Wasemaje?
Kijana wa Kisauni

JIBU: Kwa mvua na mchwa nakuelewa. Kwa zilzala, bloki zisizo na nondo wala ring bimu, yaani ule mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya kuta zote, ni mbaya kushinda hio ya mzee. Kwenye zilzala ya Kashmir 2005, upande wa Pakistan, nyumba za fremu za mbao zilizojazwa mawe na udongo nyingi zilisimama, za bloki na saruji hafifu zikaanguka, mpaka serikali ya Pakistan ikakubali watu wajenge tena kwa mtindo huo wa zamani. Ukiwa na pesa ya msingi wa mawe, nguzo zilizopakwa dawa, na mabati mepesi yaliyofungwa vizuri, mzee atakaa vyema. Ukijenga bloki basi ring bimu usiikwepe.

SWALI: Nasoma ujenzi hapa Mombasa. Mwanafunzi aweza kuchangia nini kwa utafiti wa nyumba na zilzala?
Mwanafunzi, Tudor

JIBU: Vipimo, mwanangu. Mainjinia wa nchi mbalimbali wana ensaiklopidia ya nyumba za dunia, World Housing Encyclopedia, kila mmoja aeleza nyumba za kwao: unene wa ukuta, paa limeshikwaje, kona zimefungwaje, udhaifu uko wapi, na yeyote asoma bure. Nyumba ya Kiswahili ya mtaa wa Majengo yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku yastahili kupimwa hivo. Chukua futikamba, omba ruhusa kwa wenye nyumba, chora, piga picha za kona na za pale paa linapokutana na ukuta, na muulize mwenye nyumba ni lini ilitengenezwa na kwa nini. Mwalimu wako akikagua, hapo ndo mwaweza kuwaandikia hao mainjinia wa ensaiklopidia.