Chuma Kwanza Kipate Moto: Kobla ya Maembe Niliyovuka Nayo Feri

Jumatatu usiku msomaji mmoja wa Kisauni aliniandikia: "Dada, nimefuata yote uliyosema kuhusu kobla ya maembe, lakini chini imetoka uji mtupu. Wageni wamekula juu juu, chini wakaacha. Nimeona haya mpaka sasa." Niliusoma ujumbe huo mara tatu, na mara ya tatu machozi yakanilenga. Haya hizo nazijua.

Nikarudi kuyatazama maelezo niliyokuwa nimeyatoa. Nimesema unga kiasi gani, sukari kiasi gani, oveni iwashwe nyuzi 180. Kikaango chenyewe kipashwe moto kabla ya unga kuingia, sikusema. Jambo lililonigharimu miaka, nimelipita kama halipo. Dada yangu wa Kisauni, nakuomba radhi. Kosa si lako.

Kwa asiyeijua, kobla ni chakula cha Wamarekani: matunda yenye sukari yanaokwa pamoja na unga uliokorogwa kwa maziwa, juu pakawa mkate, chini pakawa na rojo tamu. Wao hutumia sana pichi. Kusini mwa nchi yao wengi huioka ndani ya kikaango cha chuma cha kusubu, kile cheusi kizito ambacho kipini chake pia ni chuma. Sisi Mombasa tuna embe la ngowe, na sioni pichi litanifanyia nini ambalo ngowe iliyoiva haitanifanyia.

Mwaka 2014 nilikuwa mwanafunzi wa mapishi, nafanya mazoezi ya kazi katika hoteli moja ya ufukweni. Walikuja wageni kutoka Marekani, mpishi mkuu akauliza nani ataweza kuoka kobla. Nikainua mkono. Nilikuwa nimeisoma tu, kwa macho sijaiona. Nikakata maembe, nikakoroga unga, nikamimina ndani ya kikaango kilichotoka kabatini kikiwa baridi, hakijaguswa na mafuta kwa muda mrefu, nikakitia kwenye oveni. Baada ya dakika 40 juu palikuwa na rangi ya dhahabu. Nilifurahi, nikaita watu waje waone.

Mpishi mkuu akachota kijiko. Chini ulikuwa uji mweupe, na maembe yaliyogusa chuma yalikuwa yamepiga weusi na ladha ya msumari. Hakunieleza nilipokosea. Alikiinua kikaango, akakimwaga pipani mbele ya wenzangu wote, akasema Waswahili tubaki na mahamri yetu.

Niliambiwa nisahau. Sijasahau. Hata leo nikimwaga uji wa mtoto naisikia sauti ile ya pipani.

Siku hiyo nilirudi nyumbani Likoni nimevimba macho. Nyanya alikuwa uani anapalia mkate wa sinia: seredani chini, sinia juu yake, bati la kufunikia, na makaa juu ya bati. Akaniuliza nina nini, nikamsimulia yote. Hakunipa pole. Aliniuliza swali moja tu.

"Chombo ulikipasha moto?"

"La, nyanya."

"Sasa ulitaka unga ushike wapi?"

Akafunua sinia jingine lililokuwa tayari na samli ya moto, akamimina unga wake wa mchele na nazi. Ukalia *chaaa*, ukingoni ukatoa mapovu. "Umesikia? Unga ukikuta chombo baridi, hulala. Ukikuta samli ya moto, husimama. Ukimimina usisikie kitu, ujue umeharibu kabla hujaanza." Mwanamke huyu hakusoma chuo cha mapishi, na kobla hakuijua hata kwa jina. Lakini kwa dakika mbili alinifundisha ambalo jiko zima la hoteli halikunifundisha.

Miaka iliyofuata nitaipita. Nilioka, nikauza, nikadaiwa, nikaendelea.

Kikaango changu nilikipata Nyali kwa familia iliyokuwa ikihama na kuuza vyombo. Kilikuwa kimeliwa na kutu nje na ndani. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, chuma kikilala na maji usiku mmoja, asubuhi kina wekundu. Nilikisugua kwa waya mpaka nikaona chuma chenyewe, nikakiosha, nikakikausha motoni, nikakipaka mafuta ya kupikia na kuyafuta kwa kitambaa mpaka kikaonekana kama hakikupakwa. Kisha nikakifudikiza ndani ya oveni nyuzi 230 kwa saa moja. Nilirudia mara tatu. Mafuta yakipakwa mengi hubaki yananata. Yakiwa membamba hugeuka ngozi nyeusi ngumu iliyoshikana na chuma. Ngozi hiyo ndiyo inayozuia uchachu wa tunda usigusane na chuma chenyewe. Ladha ile ya msumari ya 2014 ilitokana na kukosekana kwake.

Sasa niwaambie ya Ijumaa iliyopita, maana nimekaa nayo moyoni wiki nzima.

Shangazi yangu wa Mji wa Kale alikuwa na karamu ya kumpokea binti yake aliyerudi kutoka masomoni. Akaniambia nilete kitu kitamu, "lakini si keki, keki tumechoka." Nikaamua kobla. Asubuhi nilikwenda soko la Kongowea kutafuta ngowe, nikachagua zilizoiva ila zikibonyezwa bado zina nguvu. Embe lililoiva kupita kiasi huyeyuka likawa maji, na lenye nyuzi nyingi huaibisha mezani. Iliki nilikuwa nayo ya soko la Marikiti, nikaitwanga mwenyewe.

Ngowe tatu kubwa nilizikata vipande, nikazitia sukari robo kikombe, maji ya nusu ndimu na iliki, nikaziacha nusu saa zitoe maji. Maji hayo usiyamwage wala usiyatie yalivyo. Yachemshe mpaka yapungue nusu, kisha uyarudishe kwenye maembe. Pembeni nilichanganya unga wa ngano kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo na maziwa kikombe kimoja. Beking pauda ya huku kwetu huharibika haraka kwa unyevu. Tia kijiko kwenye maji ya moto: isipochemka mapovu, itupe.

Kikaango, cha sentimita 25, nikakitia ndani ya oveni kingali kikavu, kipate moto pamoja nayo kwa robo saa. Chuma hiki kizito ni kigumu kupata moto, lakini kikishaupata hakiuachi upesi. Nikatia samli gramu 90, ikayeyuka na kuenea. Natumia samli badala ya siagi kwa sababu siagi ina maji na chembe za maziwa zinazoungua kwenye moto mkali, na samli imeshatolewa yote hayo. Nikamimina unga katikati. Ukalia *chaaa*. Nikapanga maembe juu yake na sikukoroga, maana ukikoroga umevunja kila kitu. Maembe huzama yenyewe na unga hupanda kuyazunguka. Dakika 45.

Asiye na oveni asiweke kalamu chini. Funika kwa bati, palia makaa, juu mengi na chini machache, kama mkate wa sinia. Lakini chuma kwanza kipate moto.

Nilikifunga kikaango kwa kanga mbili na taulo, nikakitia kapuni, zaidi ya kilo mbili za chuma kabla hujahesabu chakula. Feri ilikuwa imejaa. Nimesimama kati ya baiskeli na magunia, mvuke wa iliki unatoka kapuni, mama mmoja nisiyemjua akanigeukia: "Mwanangu, umebeba nini chanukia hivyo?" Nikamwambia. Akasema, "Mungu akubariki mikono." Nilivuka kivuko cha Likoni kama niliyevikwa nishani.

Nilipofika kwa shangazi kilikuwa bado cha moto. Ule muda wa njiani hata uliisaidia, rojo likashikana. Kobla ikitolewa tu motoni na kupakuliwa hapo hapo hutoka maji, ipumzishe dakika 20. Watu walikula. Binamu yangu, aliyeila huko ng'ambo, alifumba macho. Shangazi akachukua kijiko akawa anakwangua ukingoni, pale samli na sukari zilipogandiana zikawa kama kashata, akakataa kumpa mtu mwingine. Chini palikuwa pakavu, pameiva, rangi ya asali. Nilikiinamisha kikaango tupu nikakitazama kwa muda mrefu.

Kilichobaki kihamishe kwenye sahani siku ile ile, kisilale kikaangoni, kwa sababu uchachu wa tunda hula ile ngozi nyeusi. Osha, kausha motoni, paka mafuta. Usiloweke kamwe.

Na ninyi mnaoanza, nawasihi: msione haya kuwauliza nyanya zenu. Tunajaza simu zetu video za watu wa mbali ilhali nyumbani ameketi mtu aliyepika kwa makaa miaka 50, anayejua moto kwa kiganja cha mkono. Muulizeni angali hai. Na mkishajua, mwambieni mwenzenu kosa lake liko wapi. Msimwage chakula cha mtu pipani mkanyamaza. Mimi mwenyewe wiki hii nimenyamaza bila kukusudia, na dada wa Kisauni akalipa.

Jana usiku aliniandikia tena. Safari hii hakukuwa na maneno, ila sauti aliyoirekodi jikoni kwake, sekunde nne tu. Nikaiweka simu sikioni. *Chaaa.*