Kabla Hujalipia Fahali, Nenda Ukamwone Mama Yake

Juzi kijana mmoja wa pande za Magarini alinitumia picha ya fahali. Chotara wa Simmental, ng'ombe wakubwa wa Ulaya, shingo nene, mapaja yamejaa, mgongo umenyooka. Kijana ana mitamba, majike ambao hawajazaa bado, wa Boran, ng'ombe wetu wa nundu, walio tayari kupandwa, na mwenye fahali anataka pesa wiki hii hii. "Kaka, nilipe?" Hilo ndilo swali lake lote.

Nikamuuliza: mama yake yuko wapi?

Akakaa kimya mpaka jioni, kisha akaandika: "Mama ya nani?"

Mama ya fahali, bwana mdogo. Na kwa kuwa si wewe peke yako usiyemuulizia, nimeona nijibu hapa wasome na wenzako. Sote tunaofuga ng'ombe wa nyama huku pwani ya Kenya tunataka kitu kimoja: kila ng'ombe azae kila mwaka, azae mwenyewe, amlee ndama wake mwenyewe, na ndama huyo afike mnadani akiwa na kilo. Wangu wako bara kidogo, upande wa Langobaya, kule mto Sabaki unakopitia. Siwakamui, labda kikombe cha chai. Ukame wa 2022 ulinipunguzia kundi kama ulivyowapunguzia nyinyi, hilo mnalijua, sina haja ya kulisimulia. Nitasimulia lile ambalo halikuletwa na mvua.

Nilikuwa na mtamba jina lake Asali. Boran safi, rangi ya jina lake, mpole hata watoto wakimkuna sikio hatikisiki. Nilimpangia fahali mdogo wa mwanafunzi mwenzangu wa zamani. Kabla siku hazijafika, jirani yangu alikuwa amejiletea dume chotara wa Charolais, mnyama mzito, fahari ya kijiji kizima. Watu walikuwa wakimpitia kumtazama wakitoka shambani. Usiku mmoja akavunja ua, akaingia kwangu. Ua ulikuwa na nguzo za mwarubaini na waya wa miba, lakini dume aliyenusa jike mwenye joto hasimamishwi na waya. Nilikwenda kumwambia jirani asubuhi ile ile. Akacheka, akasema nimshukuru, nimepata mbegu ya bure.

Mbegu ya bure niliilipa miezi tisa na siku kadhaa baadaye.

Asali alianza uchungu mapema asubuhi. Chupa ya maji ikapasuka, tukatarajia ndama kabla ya adhuhuri. Adhuhuri ikafika, na kilichotoka ni kwato mbili tu, nyeupe, nene kama vifuu vya nazi, zimekwama pale pale. Akisukuma zinatokeza kidogo, akipumua zinarudi. Baadaye ukatokea ulimi, pembeni, umevimba na kugeuka zambarau. Mchungaji wangu, Muorma wa pande za Garsen ambaye amezalisha ng'ombe tangu utotoni, aliingiza mkono, akautoa, akaunawa polepole bila kunitazama. "Kichwa hakipiti," akasema. Daktari wa mifugo alifika jioni kutoka mjini Malindi, kwa njia ile mnayoijua. Alimtoa ndama kwa kamba na jasho. Alikuwa amekwisha kufa. Asali naye hakusimama tena. Daktari akanieleza kwamba ndama mkubwa akikaa muda mrefu kwenye nyonga huponda mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni, mama akabaki amekaa kama mbwa, miguu ya nyuma haimsikii. Tukamgeuza, tukamnywesha, tukamwekea kivuli. Mwishowe tukamchinja. Mwenye bucha alinipa bei ya huruma, na huruma yake ilikuwa ndogo.

Kikao kikaitwa. Mzee wa mtaa akauliza ua ulikuwa wa nani. Wangu. Akauliza mtamba alikuwa na joto au hakuwa. Alikuwa. Basi, dume ni dume, mambo ya Mungu. Jirani akalipia soda za kikao, na hiyo ndiyo fidia niliyoipata. Tunasalimiana mpaka leo, mkono mlegevu.

Sasa tuzungumze kilo. Ndama wa Boran huzaliwa akiwa na kilo kati ya 25 na 30 hivi. Ndama wa Charolais au Simmental huko kwao Ulaya huzaliwa na kilo 40 kwenda juu, na mama zao wana maumbile ya kuwapitisha. Mtu wa mnadani atakwambia usiogope, ng'ombe wa nundu humbana ndama tumboni asikue kupita kiasi. Hapo hadanganyi: mama mwenye damu ya zebu, yaani hao wa nundu, kweli hupunguza uzito wa ndama anapozaliwa. Lakini kupunguza si kumaliza, na mtamba wa kwanza hana nafasi ya makosa. Wenye machotara wa Friesian nao wasikilize upande wa pili: fahali wa Brahman, naye mwenye nundu, juu ya ng'ombe wa asili ya Ulaya anaweza kuleta ndama mzito kuliko ulivyotarajia, hasa wa kiume. Nundu ya baba si dhamana.

Na mapaja yale tunayoyashangilia kwenye picha! Wabelgiji wana ng'ombe wao wa Belgian Blue, misuli imefura maradufu kwa sababu ya kasoro ya jeni, chembe ya urithi inayopaswa kuizuia isikue. Wengi wao huzaliwa kwa mama kupasuliwa. Ubelgiji daktari yuko jirani na barabara ni lami. Langobaya saa nane za usiku nani atampasua nani?

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, hata wafugaji wakongwe. Wakisikia "fahali wa kuzalisha kirahisi" wanadhani ni jambo moja. Ni mawili. La kwanza ni ndama wa fahali huyo kutoka kirahisi kwenye tumbo la ng'ombe wako. La pili ni binti wa fahali huyo, akishakuwa mtamba, kuzaa kirahisi yeye mwenyewe. Huko Uingereza na Ireland, orodha za mafahali wa nyama huonyesha mambo haya kwa namba mbili tofauti, na wanaofuga mitamba wa kurithi kundi wanazisoma zote mbili. Kwa nini? Kwa sababu ukikimbilia kila mwaka fahali anayetoa vindama vidogo kabisa, na ukawaweka mabinti zake, na mabinti wa mabinti, unaweza kujikuta na kundi la majike wadogo wenye nyonga finyu. Umekimbia tatizo ukalizungukia mbele ya njia.

Sisi namba hizo kwa mafahali wetu wengi hatuna. Tunaye mama.

Mama wa fahali ndiye cheti chake. Alizaa mara ya kwanza akiwa na umri gani? Amewahi kusaidiwa? Anazaa kila mwaka au anaruka? Simama nyuma yake utazame upana wa mifupa ya nyonga, na mteremko wa kutoka nyonga kwenda kwenye mifupa ya makalio. Mteremko mdogo kushuka ni mzuri, makalio yaliyoinuka si mazuri. Tazama kiwele na chuchu kama ndama mchanga anaweza kuzishika, maana ng'ombe wa kulea ndama asiyeshikika chuchu anakuzalia yatima. Tazama hasira yake. Kisha waulizie dada zake fahali wamezaaje. Mnadani Mariakani hayo hutayapata, kule fahali anakuja na kamba shingoni na hadithi ya dalali. Nenda alikozaliwa.

Mimi nilikwenda. Ranchi yenyewe siitaji, iko upande wa Tana. Aliyenisaidia si meneja, ni mchungaji mkuu, mzee wa makamo, akanitolea daftari la mraba mraba la shule, pembe zimeliwa na mchwa. Kila ndama ana mstari: tarehe, namba ya mama, kilo, halafu safu ya mwisho ameandika kwa kalamu nyekundu "alisaidiwa" au ameacha wazi. Nikafuatisha kidole kwenye namba ya mama wa fahali niliyekuwa namtaka. Safu ya mwisho ilikuwa wazi kutoka juu mpaka chini. Nikaomba kumwona. Ng'ombe mzee, meno yameisha, ndama anamnyonya ubavuni, nyonga pana. Sikujadili bei sana siku hiyo.

Fahali mwenyewe ana damu ya Boran wa Waorma, wale wanaostahimili mbung'o kuliko Boran wa ranchi za juu, na kwetu huku karibu na Galana, ndio huo huo mto Sabaki, hilo si jambo dogo. Ni mfupi. Nilipomshusha kwenye lori watu walisimama barabarani. "Huyu ni fahali au kitoto?" Mmoja akaniuliza kama nilipewa nyongeza. Mjomba wangu, mtu ninayemheshimu, alinivuta kando akanishauri nimrudishe kabla sijachekwa zaidi. Sikumrudisha.

Msimu huu mitamba wake wa kwanza wamezaa. Mabinti zake, si majike aliowapanda tu. Nilikuwa nimeandaa kamba, sabuni, mafuta, iodini ya kitovu. Iodini ndiyo iliyotumika. Mchungaji alinipigia simu mara moja tu usiku, na alipiga kuniambia ndama keshasimama ananyonya dang'a, maziwa ya kwanza ya mama, nilale. Majigambo? Ndiyo, ni majigambo. Nimeyasubiri.

Nisemeje tena? Jamani, tunanunua kwa macho. Tunanunua fahali wa kupigwa picha, tukitaka jirani aone, na gharama tunambebesha mtamba ambaye hakuulizwa. Ukubwa wa ndama unautafuta malishoni baada ya kuzaliwa, kwa nyasi na maziwa ya mama. Tumboni unatafuta ndama anayetoka hai. Na yule ng'ombe aliyekwishazaa mara tatu nne bila shida, huyo unaweza kumpa fahali mzito ukitaka ndama wa kuchinjwa. Lakini mabinti wa fahali huyo watie alama sikioni na uwauze wote, usije ukasahau miaka miwili baadaye ukawaweka wazae. Kundi la kurithi litoke kwa fahali wa mama mzuri.

Jambo jingine ambalo wachache hulifikiria: fahali mzee. Kila mtu anamkimbia akifika miaka sita saba, na bei inashuka. Mimi namwona ndiye wa kutafutwa, kwa sababu mabinti zake wamekwishazaa na majibu yako wazi zizini. Mwangalie tu miguu, na usimwachie mitamba wepesi awalalie na uzito wake. Usimrudishie mabinti zake pia. Wenye uwezo wa mbegu za mrija, za kupandikiza bila fahali, wana nafuu hapo. Kituo cha mbegu cha serikali cha Kabete, kilichoanza mwaka 1946, kina mbegu za Boran na Sahiwal. Waulize kuhusu mama na kuhusu mabinti, swali ni lile lile.

Mtamba naye awe tayari. Asipandwe kabla hajafika kama asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mzima wa kundi lako. Ikiwa majike wako wana kilo 400, basi kilo 240 hadi 260. Tepe ya kupimia mzunguko wa kifua inatosha kukadiria. Ukimpandisha mwezi wa saba katikati atazaa karibu na mwisho wa mwezi wa nne, mvua za mwaka zikiwa zimeanza. Usimnyime chakula miezi ya mwisho ukidhani ndama atakuwa mdogo. Utapata mama asiye na nguvu za kusukuma na dang'a kidogo. Wala usimnenepeshe, mafuta nayo hubana njia. Na chupa ikishapasuka, akisukuma saa nzima bila kusogea, piga simu. Usingoje kama tulivyongoja sisi na Asali, ingawa sidhani kama simu ya mapema ingempitisha ndama yule.

Kijana wa Magarini ameshaniambia mwenye fahali hajui mama yake alipo. Basi amejibiwa.

Waliokuwa wakicheka barabarani sasa wanakuja mmoja mmoja kuomba majike yao yapandwe na kile "kitoto". Masharti yangu ni mawili: jike apimwe damu kwanza asije na ugonjwa wa kutupa mimba, na malipo yatangulie. Mjomba nimempa bure. Jirani bado hajaja. Akija, bei yake itakuwa tofauti kidogo.