Ndugu yako akiingia ndani: niliyojifunza kwa mdogo wangu

Mbukwenyi wapendwa. Hii makala nimekaa nayo kwenye simu muda mrefu naandika nafuta, maana mambo ya jela kwetu ni ya kunong'onezana, mtu akikuuliza mdogo wako yuko wapi siku hizi unajibu "kasafiri kidogo" halafu unabadilisha mada. Sasa kasharudi, na mwenyewe kaniambia dada andika tu ila jina langu usiweke. Basi tutamuita mdogo wangu.

Alikuwa bodaboda huku kwetu Nkuhungu, Dodoma. Akauziwa pikipiki kwa bei ya kutupa, akaambiwa kadi italetwa. Kadi haikuja, wakaja polisi. Kosa lilosomwa ni kupatikana na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Mimi nilipigiwa simu usiku nishalala, na ninavyokwambia hivi bado nikisikia simu saa nne usiku tumbo linakata.

Kosa letu la kwanza lilikuwa haraka. Kesho yake asubuhi tu akatokea kaka mmoja smati, kavaa moka, anasema mpelelezi ni mtu wake na faili linaweza kuishia hapohapo. Baba mkubwa akauza ng'ombe mnada wa Msalato, tukatoa laki sita, na mdogo wangu akapandishwa kizimbani kama kawaida, yule kaka simu yake haipatikani mpaka leo. Laki sita! Na kumbe tulikuwa tunahitaji nauli na karatasi tu. Yani ukitoka na kitu kimoja humu toka na hiki, hela yako usiimalize wiki ya kwanza, kesi ni safari ndefu na vishoka wote wanajua wiki ya kwanza ndio familia imechanganyikiwa.

Cha kufanya wiki hiyo: nenda kituoni, ukiwa wawili ni vizuri zaidi, ongea kwa heshima, uliza anatuhumiwa kwa kosa gani na mpelelezi ni nani, andika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama hajapewa dhamana ya polisi. Ukifika unapiga kelele za "najua sheria" utakaa benchi mpaka jioni, ila ukiuliza taratibu "afande naomba kujua dhamana yake ikoje" wengi wanakujibu. Na dhamana ni bure, wameandika wenyewe ukutani. Ila yapo makosa hayana dhamana kabisa, mauaji, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, huko ukiambiwa "leta hela tumtoe" jua unapigwa.

Sasa hii ya dhamana ndio inaniuma mpaka leo. Hakimu alisema wadhamini wawili, kila mmoja asaini bondi ya milioni tatu. Sisi tukasikia milioni tatu mara mbili, milioni sita. Mama akakaa chini palepale nje ya mahakama. Tukarudi nyumbani tunahesabu mbuzi, tunahesabu magunia ya uwele, mwenzetu anazidi kukaa ndani. Wiki tano. WIKI TANO mtu wa Mungu, mpaka siku moja namuuzia mama mmoja nyanya hapa gengeni, kumbe ni msaidizi wa kisheria, namhadithia akaniangalia akasema dada, bondi ni kusaini, hulipi kitu, unalipa mtuhumiwa akikimbia. Kilichotakiwa ni watu wawili wanaoaminika, wana vitambulisho vya NIDA, barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na picha pasipoti. Ijumaa ya wiki hiyo alilala nyumbani. Kwa hiyo hakimu akisema kitu hujaelewa mfuate karani wa mahakama umuulize hiyo ni hela taslimu au ni bondi ya kusaini, usione aibu. Na wasaidizi wa kisheria wapo, kuna sheria ya msaada wa kisheria tangu 2017, hawa hawakudai hela kama wale wa moka.

(Ukiwekwa kuwa mdhamini na wewe jiulize kwanza huyu mtu unamjua kweli au unamuonea huruma. Shemeji yangu alikataa, tukamnunia mwaka mzima, saivi naona alikuwa na haki yake.)

Sasa zile wiki tano ndani. Alipelekwa Gereza la Isanga, na hapa nicheke kidogo, mama mdogo katoka Kondoa kuja kumuona, akamwambia bodaboda nipeleke Isanga kwa mwanangu, akapelekwa Taasisi ya Isanga, ile ya afya ya akili iliyo chini ya hospitali ya Mirembe, anazunguka anauliza jina la mtoto wake wodini. Ukimwelekeza mgeni sema GEREZA, usikate maneno.

Mahabusu na mfungwa ni vitu viwili. Mahabusu kesi yake haijaisha, anavaa nguo zake, unampelekea. Mfungwa kashahukumiwa, ndio anavaa zile za rangi ya machungwa, anatoka na kazi za gereza, na nafasi za kumuona zinapungua. Siku na saa za kuona ndugu ulizia getini kila baada ya muda maana zinaweza kubadilika, mimi nilishafika na ndoo ya chakula siku siyo nikarudi nayo kichwani. Beba kitambulisho, simu utaiacha, nguo vaa ya heshima, khanga iwepo kwenye mkoba.

Siku ya kwanza nilibeba chapati, ndizi mbivu, dawa ya meno, ndala na mche wa sabuni. Askari akaniambia onja, nikamega chapati nikala mbele yake. Ndala akazikunja kunja. Halafu akachukua kisu akaukata ule mche wa sabuni katikati, akaangalia ndani, akavirudisha vipande viwili kwenye mfuko bila neno. Mimi machozi yakanitoka, sijui kwa nini sabuni, mana hakunitukana wala nini. Nilijisikia kama ametukata sisi. Baadae nikazoea, nikaona yule baba anafanya kazi yake, kuna watu wanapitisha madudu humo. Lakini usiwe wewe. Wala "kakaratasi kadogo tu", wala laini ya simu. Ukikamatwa unaanza kesi yako na yeye anaharibiwa ya kwake.

Akaja, kanyolewa kipara, kakonda shingo. Nilijiandaa kwa maswali ya kesi, nimeyapanga kichwani njia nzima. Yeye akauliza, "Dada, mvua imenyesha? Mmepanda?" Nikaanza kumueleza shamba, mbuzi kazaa mapacha, jirani kajenga choo kinaziba njia, tukacheka mpaka muda ukaisha. Kesi hatukuongea hata kidogo. Alikuja kuniambia ile stori ya choo aliisimulia selo nzima, kila mtu anataka kujua kimeishia wapi. Kwa hiyo ukienda usiende na kilio na lawama, "nilikwambia mimi pikipiki ile". Anajua. Mpelekee habari za nyumbani, hata za kijinga. Na ukisema utakuja Jumapili nenda Jumapili, kama huwezi usiahidi, mana huko ndani mtu anakuwa kashaoga anasubiri jina lake liitwe, wenzake wanaitwa mmoja mmoja yeye bado.

Mahakamani vilevile. Kesi inakuja kila siku kumi na nne, wanashuka kwenye karandinga, inasomwa dakika mbili, upelelezi haujakamilika, inaahirishwa. Utaona unapoteza siku ya biashara kwa dakika mbili. Nenda ukiweza, kaa mstari wa mbele akuone, basi. Usimrushie kitu, usijaribu kumpiga picha. Na hakimu akiifuta kesi kwa sababu upelelezi unachelewa usipige vigelegele, tumeona watu wanakamatwa tena mlangoni hapohapo wanasomewa upya.

Mtoto wake alikuwa darasa la pili. Tulimwambia baba kaenda Dar kutafuta hela. Shuleni mwenzake akamwambia baba yako mwizi yuko jela. Alirudi hajalia, akaniuliza tu "Shangazi, Dar kuna jela?" Toka siku hiyo sikubali familia kumdanganya mtoto, mwambie kwa maneno ya umri wake, baba anashtakiwa, anakula, analala, anakukumbuka. Wifi yangu aliona namuharibu mtoto, tuligombana. Bado naona nilikuwa sahihi.

Utapigiwa pia simu za ajabu. "Mimi ni askari wa magereza, ndugu yako kazidiwa, tuma elfu themanini ya gari." Kata, nenda getini ukaulize mwenyewe.

Ikaja hukumu, miaka miwili. Hapo kuna siku usizilalie, ukitoka mahakama ya wilaya, nia ya kukata rufaa inatolewa ndani ya siku 10, rufaa yenyewe siku 45, na aliye ndani anaweza kupitisha kwa mkuu wa gereza. Ya kwetu ilikwenda, ikagonga mwamba. Ila wengi hatujui kuna punguzo la theluthi moja kwa mwenye tabia njema, kwa hiyo miaka miwili ikawa miezi 16. Msamaha wa Rais mara nyingi unatangazwa 26 Aprili au 9 Desemba, usimjaze matumaini, ukija umekuja, sisi haukutufikia.

Karudi. Wiki za kwanza alikuwa anakula kama anafukuzwa, sahani inaisha sisi tuko tonge la tatu. Mjumbe alipokuja kusalimia akamuita jina, mdogo wangu akachuchumaa chini, mikono magotini. Ndivyo wanavyohesabiwa kule. Mjumbe akajifanya anafunga kamba za viatu, Mungu ambariki. Hatukumuuliza kitu, tulimuacha, mengine kayasema mwenyewe tukichambua karanga, mengine hajasema.

Kuna mwenzake kabaki huko, mtu wa Singida, hana ndugu anayefika. Tunaenda kila tukipata nauli. Juzi nikamuona mdogo wangu kakaa mlangoni na kisu cha jikoni, nikashtuka, nikamuuliza unafanya nini. Anakata mche wa sabuni katikati. "Nimsaidie afande," kasema, akavifunga vipande viwili kwenye mfuko.