Filamu ya matapeli ianzie kwa anayetapeliwa

Mwaka juzi, nje ya stesheni ya reli hapa Kigoma, nilikuwa natafuta simu ya kumpelekea mama Kasulu. Kijana mmoja akanionyesha ya kwake. Niliishika, nikampigia mdogo wangu, akapokea. Tukiwa bado tunavutana bei, akatokea mtu wa pili: "Kaka, kama huyu hataki, mimi nachukua sasa hivi." Hapo akili yangu ilisimama. Nikatoa laki na ishirini, simu ikatiwa kwenye soksi nikakabidhiwa. Nilipopanda hadi eneo la Mwanga na kuifungua, nilikuta kipande cha sabuni ya mawese, kimekatwa kwa kipimo kamili cha simu.

Nawasimulia haya vijana mnaoniletea miswada ya filamu za matapeli niisome. Karibu yote inaanza na suti, gari la kukodi na hoteli. Tapeli wangu alivaa kandambili. Kilichoniuma zaidi ya hela ni kwamba hakunilazimisha. Nilitoa kwa mkono wangu, kwa sababu nilitaka mama apate simu. Msiruke hapo. Tuonyesheni kwanza mtu anataka nini, iwe kiwanja, mume au ada ya mtoto, halafu tapeli aje nacho mkononi.

Itafuteni The Sting, ya mwaka 1973, iliyochukua Oscar 7. Paul Newman na Robert Redford wanamtegea kigogo wa magenge kwa kufungua ofisi ya uongo ya kamari za farasi mjini Chicago. Makarani na wateja wote ni matapeli wenzao. Wewe mtazamaji unayaona maandalizi hayo, unajihesabu mmoja wao, kumbe kuna jambo nawe hukuambiwa. Silitaji. Ila rudieni kuitazama: dalili zilikuwa mbele ya macho yenu tangu mapema. Kinyume chake ni filamu inayomleta pacha asiyewahi kutajwa dakika tano kabla ya mwisho. Hiyo inamdharau mtazamaji, na huwa inanikasirisha.

Muziki na magari shaurianeni na bajeti yenu.

Yule mtu wa pili wa stesheni ndiye namkumbuka kuliko muuzaji. Nafasi yake mpeni mwigizaji wenu bora. Kazi yake ni ndogo: apite, asimame, aseme anachukua, kisha aondoke taratibu bila kugeuka nyuma.