Level 1 mpaka 5 zinavuta sawa? Usikimbilie kununua mota

Kuna jamaa yuko Morogoro kanitumia meseji ndefu jana usiku, kwa kifupi ni kwamba baiskeli yake ya umeme, zile za bei chee kama yangu, akipanda mlima haoni tofauti ya level 1 na level 5, zile ngazi za msaada wa mota unazochagua kwenye skrini, na fundi keshamwambia mota imeungua atafute nyingine. Nilicheka halafu nikakasirika. Maana mimi niliambiwa hivyohivyo na fundi mmoja wa hapa Dar, laki tatu mota, na hakufungua hata nati moja, alizungusha tairi akasikilizia akatikisa kichwa. Sikumpa hela yangu. Baiskeli ileile na mota ileile ndo naenda nayo Kariakoo asubuhi na jioni inanipandisha Kimara, na wale waliokuwa wananiita "mzee wa kusukuma umeme" siku hizi wananisalimia kwa adabu.

Sasa kaka sikia. Baiskeli za bei kubwa zina sensa inayopima unakanyaga kwa nguvu kiasi gani. Yetu haina hiyo. Yetu ina pete ya plastiki pale kwenye pedeli, ndani ina visumaku, mara nyingi 12, na pembeni yake kasensa keusi kadogo. Kale kasensa kazi yake ni kusema pedeli zinazunguka, basi, kama konda anayegonga bodi gari liondoke, abiria wamejaa au hawajajaa haimhusu. Kontrola, kile kiboksi kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota, ndo inaamua itoe nguvu kiasi gani, na kwenye kontrola nyingi za bei ndogo level maana yake ni kikomo cha spidi tu: level 1 inakusukuma mpaka tuseme kilomita 12 kwa saa inaacha, level 5 inakupeleka mpaka 25. Haya, wewe uko mlimani unaenda 9, hiyo 12 umeifika saa ngapi? Kwa hiyo level zote hapo zinatoa nguvu ileile, yote iliyopo, na hakuna kilichoharibika. Nenda sehemu tambarare ujaribu. Ukiona level 1 inakata mapema na level 5 inaendelea basi mota nzima, lala usingizi.

Kama hata kwenye tambarare zote zinazubaa, angalia betri kabla ya kitu kingine. Betri ya volti 36 ikijaa inasoma 42, na kontrola nyingi zinakata ikishuka 31 hivi. Ikiwa kwenye 34 ukaipandisha mlima volti zinaporomoka hapohapo, vile vijiti vya chaji kwenye skrini vinapotea viwili vitatu, ukisimama vinarudi kama vile hamna kilichotokea. Jaribu ikiwa imetoka tu kwenye chaji, ikivuta vizuri umeshajua mchawi nani. Na ukipima baada ya chaji ya usiku kucha haifiki hata 40, shida iko kwenye chaja au betri, mota muache apumzike.

Yangu mimi ilikuwa tofauti, ukikanyaga kimya kabisa, level yoyote. Nikabonyeza eksileta ya mkononi, ikaondoka kama kawaida. Hapo nilijua betri nzima, mota nzima, shida iko upande wa pedeli. Nikalala chini uani na tochi ya simu, matope ya masika yamegandia kote, nikafuta na mswaki wa zamani, ndo nikaona ile pete imesogea nje, nafasi kati yake na sensa kidole kinapita wakati inatakiwa iwe milimita 3 hivi. Nikaisukuma na dole gumba ikalia tak. Nikakanyaga, hiyoo! Laki tatu nzima imebaki mfukoni, halafu mtu aniambie mimi si fundi.

Na hapa niseme ukweli jamani, sisi wenyewe tunapenda kugawa hela zetu ovyo. Mtu ananunua taa za rangi, ananunua spika ya bluutuz afunge kwenye hendo, lakini testa ya kupimia volti hana, halafu analia mafundi wezi. Nunua testa ndugu yangu. Jifunze chombo chako. Hela yako inalindwa na wewe.

Zile skrini ambazo settings zake zinaandikwa P01, P02 nazo zinaponza watu, mtoto akichezea vitufe tu imekula kwako. Kwenye nyingi P10 ikiwa 0 ni pedeli peke yake, 1 eksileta peke yake, 2 vyote, sasa ikikaa kwenye 1 utakanyaga mpaka jasho likauke. P13 ni idadi ya sumaku, ilingane na pete yako, zihesabu. Piga picha settings zote kabla hujagusa kitu, skrini hazifanani.

Ikigoma vyote, eksileta na pedeli, na skrini inawaka, shika breki. Ndani ya mkono wa breki kuna swichi inayozima mota, ukinasa kidogo tu kwa kutu au maji ya mvua kontrola inadhani umeshika breki muda wote, skrini zingine zinaandika 25, ndo namba ya hitilafu ya breki. Chomoa kile kiplagi cha breki, nyanyua tairi la mota juu, jaribu. Likizunguka ndo penyewe, safisha mkono ule, tia oili kidogo. Kiplagi ukirudishe kabla hujatoka, mteremko wa Kimara kwenda Ubungo haujaribiwi na mota isiyokata.